Siri ya Ulinzi na Bei ya Rada



Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliingia katika Ziwa Nyasa kwa njia ya waya. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914, na habari ikawafikia Waingereza wa Nyasaland kwa telegrafu. Wajerumani waliokuwa Liuli, bandari ambayo wao waliiita Sphinxhafen, hawakuwa na habari yoyote. Meli yao yenye mizinga, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Siku chache baadaye ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaanza kuishambulia pale pale ilipoegemezwa. Husimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa amezoea kunywa pamoja na nahodha mwenzake wa Kiingereza, aliingia katika mtumbwi kwa hasira akaenda kumwuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Mtu huyo hakushindwa kwa uchache wa mizinga. Alishindwa kwa sababu mwenzake alipata ujumbe na yeye hakuupata.

Tumeanza na kisa hicho cha mwambao wetu kwa kuwa jambo tunalotaka kulizungumzia laweza kuonekana liko mbali na Namswea, na kumbe lilikwisha kutufikia zamani. Serikali zote za dunia leo zinatumia fedha nyingi kwa ajili ya teknolojia ya ulinzi iliyounganishwa: rada, satelaiti, ndege zisizo na rubani, kamera na kompyuta zinazopelekeana habari, ili anayeona hatari mahali pamoja awajulishe wengine wote kwa dakika ile ile. Nchi yetu nayo imo katika safari hiyo. Fedha hizo ni za nani, nani anaamua zitumikeje, na mwananchi anayo haki ya kujua nini? Hilo ndilo tunalolitafakari.

Tuseme mapema tusije tukaeleweka vibaya. Sisi si wapinzani wa ulinzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unakubali haki ya serikali kuwalinda watu wake pale njia za amani zinapokuwa zimekwisha kujaribiwa zote, na unamheshimu askari anayetumikia usalama wa taifa lake kwa uaminifu. Na watu wa Ruvuma hawahitaji kufundishwa na hati yoyote maana ya mpaka. Wazee wetu waliishi jirani na vita vya ukombozi vya Msumbiji tangu 1964 hadi 1974, wakawapokea wakimbizi na kugawana nao chakula. Lakini hati hiyo hiyo ya Mtaguso inasema wazi kwamba mashindano ya silaha ni mtego, na kwamba wanaoumia kuliko wote ni maskini. Mafundisho yote mawili yanapaswa kushikwa pamoja. Wengi wetu hushika lile linalotupendeza.

Sasa tuje kwenye rada. Vijana wetu wengi hawakumbuki jambo hili, na wale wanaokumbuka wamebaki na neno "vijisenti" tu, kana kwamba lilikuwa ni mzaha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali yetu iliingia katika mkataba wa kununua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa bei ya pauni milioni 28, yaani karibu dola za Marekani milioni 40. Fedha zilikuwa za mkopo kutoka benki ya Barclays. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, walioombwa ushauri na Benki ya Dunia, walisema kwamba mtambo huo ulikuwa ni wa kijeshi zaidi kuliko wa kiraia, kwamba bei yake ilikuwa kubwa mno, na kwamba hautoshi kwa kazi ya kuongoza ndege za abiria. Ndani ya Serikali ya Uingereza yenyewe palitokea mgawanyiko. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Clare Short, alipinga waziwazi. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono. Na Desemba 2001 leseni ya kuusafirisha mtambo huo ikatolewa.

Tuangalie tarehe. Novemba 2001, mwezi mmoja tu kabla ya leseni hiyo, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wameikubalia Tanzania msamaha wa madeni wa takriban dola bilioni 3, utakaotolewa kwa miaka mingi. Msamaha huo uliombewa na makanisa ya dunia nzima katika kampeni ya Jubilei ya mwaka 2000, kwa hoja kwamba nchi inayolipa madeni haiwezi kusomesha watoto. Mwaka huo huo wa 2001 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na kuanzia 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukafungua milango, watoto wakafurika madarasani. Ilikuwa ni furaha kubwa, tena ya haki. Lakini walikaa chini, na kitabu kimoja kilisomwa na watoto wengi wakipokezana. Kwa mkono mmoja tulikuwa tunasamehewa deni ili mtoto apate kitabu, na kwa mkono mwingine tulikuwa tunatia sahihi deni jipya kwa ajili ya mtambo ambao wataalamu walisema haufai.

Uchunguzi ulipofanywa na ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa, ilionekana kwamba katika zile dola milioni 40, dola milioni 12.4 zilikuwa zimepitia kwa wakala wa biashara hiyo. Hebu kila mmoja afanye hesabu hiyo kwa namna ya sokoni. Katika kila shilingi 10 za bei ya rada, shilingi 3 hazikununua chuma, wala waya, wala ujuzi wa fundi yeyote. Desemba 2010, mbele ya mahakama mjini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo hayo. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikatakiwa kutimiza ahadi yake ya kuwalipa wananchi wa Tanzania pauni milioni 29.5. Jaji mwenyewe hakusita kusema kwamba ingekuwa ni kujidanganya kuamini kuwa wakala yule alikuwa ni mshawishi tu aliyelipwa vizuri.

Kwa upande wetu, waziri mmoja aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikutwa na zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti ya ng'ambo, kisiwani Jersey. Alikana kwamba zilihusiana na rada, akaziita vijisenti, na Aprili 2008 akajiuzulu uwaziri. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, nasi hatuna mamlaka ya kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Tunachosema ni kwamba kesi ilisikilizwa London, makosa yakakiriwa London, na hata ule ubishi kuhusu fedha zilipwe kwa nani ulifanyika London, ambako mwaka 2011 ujumbe wa Wabunge wetu ulilazimika kwenda kudai kwamba zilipwe kwa Serikali. Mwenye mali alisafiri kwenda kuomba chenji yake. Hatimaye mwaka 2012 fedha zikaja, takriban shilingi bilioni 72, zikaelekezwa kwenye vitabu vya kiada, miongozo ya walimu na madawati. Wananchi wakaziita "chenji ya rada".

Ndugu zetu, vitabu vile vilivyopaswa kuwepo mwaka 2002 vilikuja miaka 10 baadaye. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule, kama hakuacha shule, alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba. Kwake yeye hapakuwa na chenji.

Rada ile moja iliona sehemu tu ya anga ya nchi yetu. Mwaka 2017 Serikali ilitia sahihi mkataba mwingine, safari hii kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wa kununua rada nne za kuongozea ndege za kiraia kutoka kampuni ya Ufaransa ya Thales, kwa shilingi bilioni 67.3. Zikafungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Safari hii bei ilitajwa hadharani, kazi yake ikaelezwa, mahali pa kufungwa pakajulikana, na viongozi wakasimama mbele ya wananchi wakasema kila rada itaona wapi. Hatujasikia kwamba usalama wa taifa ulidhurika kwa kutajwa bei. Tunayataja haya kwa kuwa si desturi yetu kukosoa tu bila kusifu penye kustahili sifa.

Majirani zetu nao wamepitia njia hiyo ya miiba. Nchini Kenya, mikataba 18 ya vifaa vya usalama iliyokuja kujulikana kwa jina la Anglo Leasing, ikiwemo ya mtandao wa mawasiliano wa polisi na maabara ya uchunguzi wa jinai, ilitiwa sahihi kwa siri, na mingine ilikuwa na makampuni yasiyojulikana yalipo. John Githongo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa masuala ya utawala bora, alipoifichua alilazimika kuiacha kazi na nchi mwaka 2005. Nchini Uganda, baada ya mauaji ya afisa mkuu wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, Machi 2017, Serikali ilinunua kutoka kampuni ya Huawei mfumo wa kamera za barabarani kwa dola milioni 126. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwanasa wauaji. Baada ya maandamano ya Novemba 2020, polisi wenyewe walisema wametumia kamera hizo kuwatafuta walioshiriki.

Hapo ndipo tofauti kati ya bunduki na mtandao inapoonekana. Bunduki hulala ghalani mpaka itolewe. Mtandao haulali. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya kumwona adui mpakani chaweza kugeuzwa shingo kikamtazama mwenye nyumba, bila kuongezwa hata waya mmoja. Hapa kwetu, kufikia Januari 2020, kila mwenye simu alitakiwa kusajili laini yake kwa alama za vidole. Bibi anayeuza mandazi na kijana anayeendesha bodaboda wametoa vidole vyao. Ni haki yao kujua nani anavitunza na nani anaruhusiwa kuvitazama. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wakati ambao wazazi wengi walihitaji kuliko wakati wowote kujua watoto wao walioko mijini wako salama.

Tunaongeza jambo moja ambalo huenda ni la kubahatika tu. Ujumbe wa kwanza katika mtandao uliokuja kuwa mzazi wa intaneti ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka chuo kikuu kimoja cha California kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, mtambo ukazimika. Mtandao huo ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa kodi ya wananchi wa Marekani. Lakini fedha zile hazikwenda kwa dalali. Zilikwenda kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao waliandika kazi zao wazi ili wenzao wazisome na kuzisahihisha. Ndiyo maana jambo lililoanzia jeshini limekuja kumtumikia hata mkulima wa kahawa anayeuliza bei ya Moshi kwa simu yake.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Wazungu peke yao. Wamatengo wanaujua ubunifu uliozaliwa na haja ya ulinzi. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yalipowafanya wazee wetu wakimbilie milimani na kusongamana katika ardhi ndogo yenye miteremko mikali, walibuni kilimo cha ngoro: mashimo yaliyopangwa mlima mzima, yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua na kuirutubisha ardhi kwa majani yaliyofukiwa. Wataalamu wa kilimo wanakuja hadi leo kuyatazama. Ujuzi huo haukufichwa kabatini. Mama alimfundisha binti yake shambani, na kila aliyekuwa na jembe aliweza kuusahihisha. Na adui hakupata faida yoyote kwa kuuona.

Kwa hiyo tunapoisikia Serikali ikisema kwamba itagharimia ubunifu, tunafurahi, nasi tunauliza: ubunifu wa nani? Nchi inalo Shirika la Nyumbu huko Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi, lililoundwa kwa ajili ya kubuni magari na mitambo yetu wenyewe. Inayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vinavyo vyuo vikuu vyake vijana wanaoweza kuunda ndege ndogo isiyo na rubani kwa vifaa vya kuokoteza. Lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti limetajwa na viongozi wetu kwa miaka mingi, na bado halijafikiwa. Kununua mtambo uliofungwa kwa lakiri, usioweza kufunguliwa ila na fundi wa kampuni iliyouuza, si ubunifu. Ni ununuzi, na penye ununuzi wa siri dalali hupata nafasi ya kukaa.

Tena tungependa vyombo hivyo vianze na hatari tunazozijua. Mpaka wa Ziwa Nyasa bado una mabishano kati yetu na Malawi, tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, maneno ya vita yalisikika pande zote mbili, mpaka usuluhishi ukakabidhiwa kwa wazee waliopata kuwa marais, chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Katika muda wote huo hatukusikia mvuvi wa Lituhi au wa Mbamba Bay aliyeuawa na askari wa Malawi. Wanaouawa ziwani wanauawa na upepo na mawimbi. Rada inayomwona adui asiyekuja, na isiyouona mtumbwi unaozama, itakuwa imenunuliwa kwa ajili ya nani? Macho yale yale ya ulinzi, yakiunganishwa na idara ya hali ya hewa na kituo cha uokoaji na redio za vijijini, yanaweza kumwonya mvuvi jioni kabla hajatoka. Mtambo ni ule ule. Kinachobadilika ni nani aliyefikiriwa ulipokuwa ukiagizwa.

Tunajua jibu tutakalopewa: mambo ya ulinzi ni siri. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatulidharau. Hatuhitaji kujua rada inaona umbali gani, wala askari wako wangapi, wala maneno ya siri wanayotumia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu habari za usalama wa taifa zizuiliwe, na sheria za ununuzi wa umma zinaviruhusu vyombo vya ulinzi kuwa na orodha ya wazi na orodha ya siri. Lakini siri ya namna chombo kinavyofanya kazi ni jambo moja, na siri ya bei yake, ya jina la aliyelipwa, na ya sababu ya kuchaguliwa kwake ni jambo jingine. Siri ya kwanza inamficha askari wetu asionekane na adui. Siri ya pili inamficha mtu mwingine asionekane na sisi. Katika habari ya rada ya mwaka 2001, walioficha bei hawakumzuia adui yeyote kuijua, kwa kuwa magazeti ya London yaliiandika. Aliyechelewa kuijua ni mkulima wa Namswea, ambaye ndiye mdaiwa.

Na ikiwa ni lazima bei fulani isitangazwe, basi wawepo Wabunge walioapishwa, kutoka vyama vyote, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, watakaoufungua mkataba huo kabla haujatiwa sahihi, si baada ya miaka 10, na si kwa hisani ya mahakama ya nchi nyingine. Papa Paulo VI, katika waraka wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, alipendekeza sehemu ya fedha za silaha iundiwe mfuko wa kuwasaidia maskini wa dunia. Papa Fransisko alilirudia pendekezo hilo katika Fratelli Tutti mwaka 2020, na Juni 2024, mbele ya wakuu wa mataifa tajiri waliokutana Italia, aliomba silaha zinazoamua zenyewe kuua bila mkono wa mwanadamu zipigwe marufuku. Viongozi wetu wa walei wasiwe na haya kuyasoma hayo katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wakidhani kwamba ni siasa.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husomwa Bungeni Dodoma. Hotuba hiyo si siri. Tunaziomba Tume za Haki na Amani za parokia ziitafute, ziisome, na kuona ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya utafiti na mashirika yetu wenyewe, kiasi gani kilitengwa mwaka uliotangulia, na kiasi gani kilitolewa kweli. Kisha, Mbunge atakapokuja kwetu kusalimia, baada ya kuulizwa habari ya barabara, mbolea na zahanati kama ilivyo desturi, asimame mzee mmoja amwulize kwa heshima zote: mheshimiwa, mkataba wa mwisho wa mitambo ya ulinzi uliopita mbele yenu, nani kati yenu aliusoma?